Skrini Chini ya Kitambaa cha Mama

Miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kumiminika madukani kana kwamba zilikuwa zimefungiwa stoo tangu uhuru, mimi nilikuwa na kibaraza cha kutengeneza redio pale Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira. Timu ya nyumbani ikifunga bao, meza yangu ilitikisika na skrubu zikakimbilia mtaroni. Skrubu zilizopotea mle, mtu akizichimbua leo, atajenga treni.

Jioni nilifunga kibaraza, nikanawa mikono kwa sabuni ya unga, nikaenda shule. Shule yetu ya jioni ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, na humo ndimo nilimomalizia kidato cha nne nikiwa na ndevu kamili, nimekaa dawati moja na bibi mwenye wajukuu saba ambaye alinishinda hesabu. Nilipofaulu nilizunguka mji mzima na cheti mkononi, nikisalimia hata watu nisiowajua ili waniulize ile ni karatasi gani. Basi mwalimu wetu alipoleta kompyuta mbili na kutangaza darasa jipya, wa kwanza kujiandikisha nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa yeye.

Huyo yeye alikuwa karani wa kampuni ya kupeleka watalii mbugani, kijana wa upande wa Kilimanjaro, mpole, msafi, shati limenyooshwa mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. Tulipangiwa mashine moja. Nusu saa yake, nusu saa yangu, na anayesubiri anamsomea mwenzake maelezo. Aliniita fundi, nami nikamwita bosi. Kila Jumatatu aliniletea maandazi ya mkewe yamefungwa kwenye gazeti. Ni kazi ngumu kumwonea wivu mtu anayekulisha maandazi, lakini mimi niliiweza.

Mambo yalianza siku mwalimu alipotuita wawili pembeni. Alikuwa anakwenda kufungua darasa jingine Usa River, akasema, na darasa la Kaloleni litahitaji mwalimu msaidizi. Angetupima mimi na bosi peke yetu baada ya miezi mitatu, kwa kuwa ndio tuliokuwa mbele ya wengine.

"Mwenye mahali pa kufanyia mazoezi nyumbani," akasema, "huyo atakuwa amejisaidia sana."

Niseme wazi nilitaka nini, msomaji asipate taabu. Nilitaka kuitwa mwalimu. Nyumbani kwetu mlimani, juu ya Makumira, fundi redio ni mtu wa kupigiwa mluzi akiwa barabarani: we fundi, ile redio yangu imefia wapi? Mwalimu akipita, watu wanashusha mizigo kichwani ndipo wasalimie. Nilishaanza kujizoeza kutembea kama mwalimu, polepole, mkono mmoja nyuma.

Wiki mbili baadaye bosi akaniambia, bila kunitazama usoni, "Fundi, Jumapili uje nyumbani Sekei unywe chai. Kuna mgeni."

"Mgeni gani?"

"Utamwona."

Mgeni alikuwa juu ya meza ya chakula. Mjomba wa bosi alimtoa Nairobi, akapita naye mpakani Namanga ndani ya maboksi matatu. Kompyuta nzima, ya rangi ya maziwa, na skrini, kibodi, hata kipanya chenye mkia mrefu. Ilifunikwa nailoni iliyokuja nayo, maana mkewe alikataa isitolewe. Tulivua viatu mlangoni. Chai tulinyweshwa barazani, kwa sababu shemeji alisema mvuke wa chai unaingia ndani ya mashine na kuipa mafua.

Bosi akaiwasha. Skrini ikatoa rangi. Kule darasani tulikuwa na maandishi ya kijani juu ya weusi, basi. Hii ilitoa bluu ambayo sijaiona tena mpaka leo, wala mbinguni sitegemei kuikuta.

"Unaionaje, shemeji?" mke wake akaniuliza.

"Nzuri," nikasema. "Ila inaonekana inakula umeme."

"Atalipa aliyeinunua."

"Na rangi hizi zinaumiza macho. Wataalamu wanasema."

"Wataalamu gani?" bosi akauliza.

"Wapo."

Nilirudi Kaloleni kwa miguu nikiongea peke yangu. Moyoni nilikuwa na kitu kama nimemeza chuma cha kulehemu kikiwa cha moto. Mpaka nafika kibarazani nilikuwa nimeshaamua. Yeye kanunua, mimi nitajenga.

Wakati huo mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa na kufungwa, na vitu vya ofisini vilitupwa nje kama nyumba iliyoingia siafu. Kwa muuza vyuma chakavu mmoja nililikuta sanduku la kompyuta limelala kati ya rejeta na kitanda cha hospitali. Mwenyewe aliniapia kuwa ni sehemu ya friji. Sikumsahihisha. Kibodi niliipata kwa mwingine. Haikuwa na kibonyezo cha herufi A, nami nikagundisha kizibo cha soda mahali pake. Mlango wa kufungia disketi ulikuwa umevunjika, kwa hiyo disketi ikishaingia niliikazia kwa kipande cha boksi la kiberiti, ikakaa. Kifaa cha kugawa umeme ndani ya sanduku kilikuwa kimeungua. Nilikifumua chote, nikakijenga upya kwa vipuri vya redio za wateja wanne, ambao ninawaomba radhi hapa hapa.

Siku nilipochomeka, feni ilizunguka na vumbi la miaka kumi likanipiga usoni. Kisha mashine ikalia mara moja: pii. Darasani tulifundishwa kwamba mlio mmoja maana yake mashine ni nzima. Niliipigia saluti.

Tatizo ni kwamba haikuwa na skrini. Mashine ilikuwa hai lakini haina uso. Nilijaribu televisheni ya mteja, plagi zikakataana. Mjini skrini peke yake haikupatikana, na iliyopatikana iliuzwa pamoja na kompyuta yake, kwa bei ya ng'ombe na ndama wake. Nikawa nafanya mazoezi gizani, kwa masikio. Niliweka disketi, nikasikiliza inavyozunguka, grrr-tik-tik, nikajua programu imeingia. Niliandika barua nzima bila kuona herufi moja. Baada ya mwezi ningeweza kukuambia mashine inafikiria nini kwa mlio wa feni tu.

Ndipo habari ikaja kutoka nyumbani. Mzungu mmoja mwalimu, aliyekuwa akikaa Makumira, alikuwa anarudi kwao, na vitu asivyovisafirisha alivitoa sadaka kwenye usharika wetu wa mlimani, vipigwe mnada siku ya mavuno. Kulikuwa na sufuria, baiskeli, na skrini ya kompyuta.

Hapo kosa nililifanya mimi mwenyewe, hakuna wa kumsingizia. Nilikuwa na siri nzuri, na siri nzuri inawasha kama upupu. Jumatatu, bosi alipofungua gazeti la maandazi, nikamwambia, "Wiki ijayo na mimi nakamilisha yangu." Nikamweleza kila kitu mpaka saa ya ibada.

Akatafuna polepole. "Nitakuja kukusindikiza," akasema.

Mnada wa mavuno kwetu una taratibu zake. Watu huleta mikungu ya ndizi, kahawa, kuku, mayai, maziwa kwenye kibuyu, na baada ya ibada vitu vyote vinanadiwa uwanjani. Lakini hakuna anayenunua kama yuko sokoni. Unapopanda bei, mzee wa kanisa anayenadi anakuuliza: unamnunulia nani? Unajibu: mchungaji, au mama mkwe, au yule mjane wa pale chini. Anayetaka kitu kwake mwenyewe husema, kwa heshima, "Kwa ajili ya nyumba yangu," nako kunakubalika. Ila ukikawia kujibu, jibu linatoka kwa watu, na likishatoka halirudi. Nilikulia katika utaratibu huo. Njia nzima ya kupanda mlima nilikuwa narudia mdomoni: kwa ajili ya nyumba yangu, kwa ajili ya nyumba yangu.

Bosi alikuja na mkewe, wamevaa kama wanafunga ndoa upya. Wazee walimwitikia shikamoo yake kwa furaha kuliko walivyoitikia yangu, nami nililiona hilo nikaliweka moyoni. Mama yangu alimpa kiti kizuri. Mimi alinionyesha gogo.

Yakaenda mayai, wakaenda kuku, akaenda beberu mmoja aliyekula nusu ya maua ya madhabahuni. Mzee wa kanisa akainua skrini kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imemtoka.

"Hii," akasema, "ni ya kisasa. Mimi siijui, na ninyi hamuijui, kwa hiyo tusidanganyane. Nani anaanza?"

Nikataja bei ya jogoo. Watu wakacheka kidogo. Nikaona mambo yameisha.

"Jogoo wawili," sauti ikasema nyuma.

Alikuwa bosi. Amekaa kwenye kile kiti kizuri, mguu juu ya mguu. Nikataja bei ya mbuzi. Akataja bei ya mbuzi mwenye mimba, na watu wakapiga makofi kwa ule ufundi wa kusema. Mzee wa kanisa alikuwa anageuza shingo huku na huku mpaka kofia ikadondoka. Nilipandisha. Alipandisha. Akiba yangu yote ya kibaraza ilitoka mdomoni mwangu, kisha ikatoka na baiskeli yangu, kisha na redio mbili ambazo hazikuwa zangu. Sikuwa naitazama skrini tena. Nilikuwa nataka kuona uso wake ukishindwa.

Mwishowe akanyanyua mikono. "Nimemwachia fundi."

Nilisimama pale nikimwangalia. Nilimwangalia anavyoshuka mabega, anavyomnong'oneza mkewe, anavyofuta jasho kwa leso iliyonyooshwa pasi. Ulikuwa utamu wa ajabu. Kwa mbali nikasikia mzee wa kanisa akiniuliza kitu. Akaniuliza tena.

"Unamnunulia nani, kijana?"

Nikageuka, mdomo wazi, nikiitafuta ile sentensi yangu. Haikuwepo.

Na hapo kigelegele kikapanda kutoka upande wa akina mama, kirefu, cha kupasua mawingu ya Meru. Alikuwa mama yangu, amesimama, ameinua mikono.

"Mwanangu kaninunulia televisheni."

Basi, ikawa imekwisha. Shangazi zangu walishaanza kuimba. Mtu alinifunga kitenge mabegani. Mchungaji alinishika mkono na kusema laiti vijana wote wa mjini wangewakumbuka mama zao hivi. Ningesema nini? Kwamba si ya mama, ni ya kumkomoa karani wa Sekei?

Skrini ilipelekwa nyumbani kichwani mwa shangazi, juu ya kata ya majani ya mgomba, na msafara wa kuimba nyuma yake. Waya wake mrefu ulikuwa unaburuza, na aliyeuinua usichafuke alikuwa bosi. Alitembea nao hivyo mpaka mlangoni kama mpambe anayeshika shela la bibi harusi. Nyumbani kwetu umeme ulikuwa haujafika, hata nguzo hatukuwa nayo. Mama aliiweka mezani sebuleni, akaifunika kitambaa cheupe cha kufuma, na juu yake akaweka picha ya marehemu baba. Tukala loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando. Bosi aliongezwa mara mbili.

Wakati wa kuagana akaniambia, "Umefanya jambo kubwa, fundi."

Nilimtazama nione kama ananicheka. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananicheka.

Nikarudi gizani na masikio yangu. Mwezi mmoja ulibaki. Bosi akiniuliza skrini inaendeleaje, nilisema inawaka vizuri, nimeirudisha mjini, tena ina mwanga kuliko jua. Jumamosi moja nilipanda nyumbani nimeazimia kuiomba. Nilimkuta mama na wenzake wa kikundi cha akina mama, wameizunguka, wanakunywa chai. Kitambaa kilishaongezewa pindo la bluu.

"Mwalimu wetu mtarajiwa huyo," mmoja akasema. "Shikamoo anatupa leo, kesho sisi ndio tutampa."

Nikakaa. Nikanywa chai. Nikasema nimepita kuwasalimia tu.

Jumatatu iliyofuata bosi hakuja na maandazi. Alikuja kibarazani saa za kazi, na gunia begani, shati limekunjamana. Sikuwahi kumwona na shati lililokunjamana. Akaliweka gunia juu ya meza yangu, akalifungua. Ndani kulikuwa na sanduku la ile kompyuta yake.

"Imezima," akasema.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mavuno. Umeme ulikatika Sekei, uliporudi ulirudi kwa hasira. Skrini ni nzima, mwanga wake unaonekana. Hili ndilo halina uhai. Nilikuwa naona aibu kukuambia."

Nikachukua bisibisi. Kwa dakika mbili nilikuwa nimeshaona. Ilikuwa fyuzi, kitu cha ukubwa wa punje ya mpunga, nami nilikuwa nazo kumi na tano kwenye kopo la maziwa lililokuwa kando ya kiwiko changu. Kumbadilishia kungechukua muda mfupi kuliko kumsalimia.

Nikavuta pumzi kama daktari mbele ya ndugu wa mgonjwa.

"Bosi," nikasema, "huu ugonjwa ni mkubwa."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Vipuri vyake labda Nairobi. Labda Ulaya."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Jinsi alivyokaa nilijisikia vibaya, naapa, lakini si kiasi cha kufungua kopo. Badala yake nikamkiri nusu ya ukweli, kwamba skrini yangu iko mlimani chini ya kitambaa na sikuwahi kuishusha. Sanduku langu zima, skrini yake nzima. Tuziunganishe Sekei, tufanye mazoezi wote wawili kama darasani, nusu saa kwa nusu saa.

Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Wewe ni mtu mwema, fundi."

Hilo neno nililibeba wiki tatu.

Kwa hiyo kila jioni kabla ya darasa nilibeba sanduku langu lenye kutu mpaka Sekei, nikavua viatu, na lile dude la vyuma chakavu likawekwa mezani kando ya skrini ya rangi ya maziwa. Shemeji alilitandikia gazeti chini lisichafue meza. Akalitazama, akatazama kizibo cha soda kwenye kibodi.

"Hili nalo lina mafua?"

"Lilishapona, shemeji."

Kuona maandishi yangu yanatokea, baada ya miezi ya kuandikia giza, kulinipa raha niliyoificha. Lakini sikuyaangalia sana. Nilishazoea masikio. Zamu yangu niliandika macho yakiwa ukutani, na zamu ya bosi nilimhesabia makosa. Alikuwa anakwenda vizuri. Kila siku alikuwa anakwenda vizuri zaidi, na kila siku lile kopo la maziwa lilizidi kuwa kubwa mawazoni mwangu, mpaka likawa kama pipa.

Siku ya kupimwa, mwalimu alizipanga mashine mbili za darasa kando kwa kando. Mimi kushoto, bosi kulia. Kazi ilikuwa moja. Kila mtu aingize disketi, afungue programu ya kuandikia, aandike barua ya ukurasa mmoja ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, aihifadhi, aichape kwenye printa. Mwalimu akakaa nyuma na saa yake.

Nilisukuma disketi ndani, vidole vikakaa tayari. Nikasikia grrr-tik-tik. Nikajua imeingia. Nikaanza kuandika kama mvua juu ya mabati. Bibi mwenye wajukuu saba, aliyekuwa amekuja kututazama, alisema baadaye kwamba vidole vyangu havikuonekana, kulikuwa na ukungu tu.

Na macho? Macho yalikuwa kulia. Nilikuwa naisoma barua ya bosi. Alikuwa mstari wa tatu, akakosea, akafuta. Nikafurahi. Akawa mstari wa tano. Nikaongeza mwendo. Akasimama kufikiri, nami nikatabasamu. Nilipomaliza barua yangu yeye alikuwa bado na mistari minne. Nikabonyeza pa kuhifadhi, nikainuka nusu, nikamgeukia mwalimu.

"Tayari."

Mwalimu akaja, akainama mbele ya skrini yangu. Akaisoma muda wa kupika ugali.

"Barua iko wapi?"

Nikatazama kwa mara ya kwanza. Skrini nzima, kuanzia juu mpaka chini, ilikuwa imejaa swali moja, limerudiwa kila nilipobonyeza: disketi haisomeki, umefunga mlango? Funga mlango, kisha bonyeza. Funga mlango, kisha bonyeza. Kama mtoto anayegonga kwao na hafunguliwi. Mashine ya darasa ilikuwa na kile kilango kidogo cha kufungia disketi, ambacho siku zote bosi, mwenye zamu ya kwanza, ndiye aliyekifunga. Yangu haikuwa nacho, nilikuwa na boksi la kiberiti, na vidole vyangu vilishasahau kwamba kuna mlango duniani. Na ule mlio wa grrr-tik-tik niliousikia haukuwa wa mashine yangu. Ulikuwa wa bosi. Masikio nayo yalikuwa yamehamia kwake.

Barua ya ukurasa mzima nilikuwa nimeiandika kwa mashine iliyokuwa inaniuliza swali.

Kando yangu printa ikaanza kukwaruza. Barua ya bosi ilitoka polepole, mstari kwa mstari, haina kosa. Mwalimu aliisoma, akampa mkono. "Mwalimu," akamwita. Hivyo tu. Nilisikia neno lenyewe likitoka na kwenda kukaa kwa mtu mwingine, umbali wa kiwiko.

Nilipanda nyumbani Jumamosi. Mama alikuwa anachambua kahawa kwenye ungo. Nikamweleza yote, maana mtu akishindwa hana siri ya kulinda.

"Wakati mashine inakuuliza," akasema, "ulikuwa unaangalia wapi?"

Nikachukua kahawa kiganjani, nikaanza kuichambua.

"Kama siku ile ya mavuno. Ulinunua kitu, hukukitazama hata mara moja. Ulikuwa unamtazama yule kijana kama paka aliyeona panya kwenye ghala la jirani. Mzee anakuuliza mara mbili, wewe umeduwaa. Nikaona watu wataanza kukusoma usoni. Ndiyo nikapiga kigelegele."

"Kwa hiyo hukudhani ni televisheni?"

"Televisheni bila aerial? Mimi ni mshamba, si kipofu." Akapuliza makapi. "Nilikuwa nakungoja useme. Ulikuja ukanywa chai, ukaondoka."

Akaingia ndani. Alishusha picha ya baba, akakunja kitambaa vizuri, akakiweka kabatini. Kitambaa, akasema, kinabaki. Jirani aliyekuwa anapita alipotuona tukiitoa skrini nje, akauliza kulikoni.

"Imeharibika," mama akamjibu. "Mwanangu anaipeleka mjini kuitengeneza. Ni fundi."

Alilitamka neno lile bila kulipunguza.

Kutoka stendi nilipita kibarazani kuchukua fyuzi na masanduku yote mawili, nikakodi mkokoteni mpaka Sekei. Nilivua viatu. Skrini niliiweka mezani, kisha nikatoa mfukoni fyuzi moja, nikalifungua sanduku lake, nikaipachika. Nikachomeka. Pii. Ile bluu ikarudi.

Bosi akaitazama fyuzi ya zamani kiganjani mwangu. "Ni hiki tu?"

"Ni hiki tu."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ya gunia."

Akaichukua, akaigeuzageuza mpaka shemeji akachungulia kutoka jikoni. Kisha akasema, "Na mimi siku ya mavuno sikuwa nataka skrini. Ya kazi gani, sanduku lilikuwa limekufa? Nilikuwa sitaki uipate wewe."

"Lakini waya uliubeba."

"Waya niliubeba kwa sababu nilikuwa naona haya."

Tulikunywa chai, safari hii ndani, mezani, kati ya mashine mbili. Shemeji alishachoka kutukataza. Skrini yangu tuliiunganisha na sanduku langu, ikawaka maandishi meupe, hafifu, lakini imewaka, uso wa kwanza wa ile mashine tangu nilipoiokota. Bosi alipoinuka kuleta sukari, niliinyoosha mikono yangu upesi nikazipima zile skrini kwa vidole, kona kwa kona. Yangu ilizidi kwa nusu kidole.

Aliporudi sikumwambia.

"Nusu kidole," akasema, akinisogezea sukari. "Niliipima siku ile nyumbani kwenu, nikiwa nimeshika waya."